Unga Chini ya Kiti si Vumbi

Je, msomaji, umewahi kufagia unga laini chini ya kiti asubuhi, na jioni ukakuta umerudi? Usimlaumu yaya. Unga ule hutoka ndani ya kiti chenyewe.

Hapa Kisumu, mwembe ukiangushwa na upepo wa ziwani, au mjakaranda ukikatwa kupisha barabara, si lazima uishie kuwa makaa. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyotolewa Februari 2018, ilitukumbusha kwamba mbao si maji ya ziwa. Gogo la mtaani hutoa meza ya kupendeza. Taabu ni kwamba mara nyingi gogo huachwa kando ya njia na magome yake, na wadudu hawasubiri.

Wako wanaotoboa matundu makubwa, hata penseli ikapita. Hao hutaga mayai kwenye magome ya mti uliokatwa karibuni. Ubao ukishakauka, wengi wao hawarudi. Usikimbilie kuutupa ubao huo. Wa kuogopwa ni mbawakawa mdogo wa unga, atoboaye tundu la milimita 1 au 2. Huyu hupenda mbao kavu, naye hutaga tena na tena katika kiti kile kile. Chakula chake ni wanga ulio katika sehemu nyeupe ya nje ya mti. Ndiyo maana hata mvule, unaosifiwa kwa kutoliwa na mchwa, hubunguliwa ukingo wake mweupe.

Basi ukienda Kibuye kununua kitanda, usidanganywe na vanishi. Vanishi huzuia mayai mapya, lakini mabuu waliokwisha kuingia huendelea kula kimyakimya, pengine mwaka mzima, kisha hutoboa njia ya kutokea. Pindua kitanda utazame upande ambao fundi hakuupaka kitu. Kigongegonge. Unga ukidondoka, nenda kwa fundi mwingine.

Ikiwa gogo ni lako, lipasuliwe mapema, magome yabambuliwe na ukingo mweupe ukatwe. Mbao zikiwa bado mbichi zipakwe boraksi na asidi ya boriki iliyoyeyushwa katika maji. Unyevu wa ubao huivuta dawa hadi ndani. Kisha zipangwe kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hivyo haifai benchi la uani, na watoto wasiichezee. Oili chafu ya magari waachieni wenye nguzo za ua. Nani atalala juu yake?

Kuanika juani hakutoshi. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo hudai joto la nyuzi 56 hadi katikati ya ubao kwa dakika 30 mfululizo, na hiyo ni kazi ya tanuri.

Kiti kinachotoa unga kitenge na vingine leo hii. Piga msasa vanishi itoke, paka dawa mara tatu, kila mara ikikauka, kisha kikung'ute na utandike karatasi nyeusi chini yake. Unga mpya ukionekana juu ya karatasi hiyo miezi sita baadaye, bado wamo.