Panga na Mkoko

Tumezoea kuambiwa kwamba mti ukipogolewa hustawi. Kule Juani, wilayani Mafia, tusiuseme hivyo kila mti wa mikokoni. Mchu ukikatwa huchipua tena, hata kutoka kwenye kisiki. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda juu ya tope, sivyo: tawi lililokomaa likikatwa hata lisibakiwe na majani, halichipui. Ukipogolewa matawi yote, hufa. Nao, kwa bahati mbaya, ndio utupao boriti tuzipendazo! Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari tangu 1995, na ukataji huhitaji kibali. Twaona kibali pekee hakitoshi. Mwenye panga na autazame kwanza mti: ni mchu au mkoko? Huo wa pili tuuondolee matawi makavu tu.