Kuhesabu Pamoja si Kushukiana

Akina mama wengi siku hizi wameajiri wenzao. Mwenye saluni ana wasusi wawili, mwenye mgahawa ana mpishi na wahudumu, fundi cherehani ana wasichana watatu. Katika vikundi vyetu vya kanisa tunasikia malalamiko yale yale: "Wafanyakazi wangu hawaaminiki." Nao wafanyakazi husema, "Mama hatuamini hata kidogo." Mwezi huu tungependa kujifunza jambo hili kutoka mahali ambapo ushirikiano mbaya unaweza kuua mtu, yaani chumba cha upasuaji.

Sisi wauguzi hufundishwa kwamba kabla ya tumbo la mgonjwa kushonwa, shashi na vyombo vyote lazima vihesabiwe. Huhesabu watu wawili, kwa sauti, na hesabu huandikwa. Ikipungua shashi moja, kazi husimama na wote huitafuta. Hakuna anayeona kwamba ameshukiwa. Kila mmoja anajua kwamba hesabu ile inamlinda mgonjwa, na inamlinda yeye pia.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuthibitishwa kwa sauti wakati wa upasuaji. Mojawapo ni kwamba kabla ya ngozi kukatwa, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Watu walikumbushana wajibu wao, na aliye mdogo alipata nafasi ya kusema, "Ngojeni kwanza."

Je, haya yanatufaa vipi dukani?

Kwanza, pesa zihesabiwe na wawili. Jioni mwenye zamu na mwenzake wahesabu pamoja, waandike daftarini, watie sahihi wote. Malipo ya simu nayo yaandikwe. Mama anayehesabu peke yake chumbani, kisha akatoka akisema zimepungua, anapanda fitina, maana hakuna awezaye kujua ukweli. Daftari la wawili humfunua mwizi, tena humwokoa asiye na hatia.

Pili, anayesema kosa mapema ashukuriwe. Msichana ameunguza gauni la mteja kwa pasi, akaja kusema mara moja. Akitukanwa mbele ya wateja, siku nyingine atalificha gauni chini ya meza, na wenzake waliokuwa wakisikiliza watafanya vivyo hivyo. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alishangaa kuona kwamba wodi zenye uongozi mzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Alipofuatilia, aliona kwamba huko watu hawakuogopa kuyataja. Basi, mama, ukiona dukani kwako hakuna kosa linalotajwa kamwe, usifurahi haraka.

Tatu, mshahara ulipwe siku iliyoahidiwa, na usikatwe kwa hasira. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kukata kwa sababu ya hasara aeleze sababu na kiasi kwa maandishi, ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Anayekatwa bila kuulizwa ataona kwamba naye ana haki ya kujilipa kimya kimya.

Tukumbuke habari za Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52. Sura ya 3 inawataja wajenzi kwa majina, kila mmoja na sehemu yake, na binti za Shalumu wamo. Lakini sura ya 5 inatuonyesha watu wakilia kwamba ndugu zao wenye mali wanawatoza riba na kuchukua mashamba yao. Nehemia hakuwaambia wanyamaze kwa kuwa kazi ni ya Mungu. Aliitisha mkutano, akawataka wakubwa warudishe walichotwaa, na yeye mwenyewe kwa miaka 12 hakula chakula cha liwali. Watu humwamini kiongozi ambaye naye anakubali kuhesabiwa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunataka wasichana wetu waandike kila shilingi, huku sisi tukichota kwenye droo pesa za mboga bila kuandika. Jioni zikipungua, tunamtazama nani?

Juma hili, mama mpendwa, nunua daftari moja. Waite wafanyakazi wako, mwombe Mungu pamoja, kisha jina la kwanza litakaloandikwa kwa kuchukua pesa liwe lako. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole viwili navyo havina budi kukutana. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.