Mgonjwa wa kisukari aelezwe, asiamrishwe tu

Majuzi jirani yangu, mama auzaye mitumba, alinionyesha chupa yake ya insulini. Alikuwa ameiweka dirishani, jua likiipiga tangu asubuhi. Alilalamika kwamba dawa imeisha nguvu, kwani sukari yake haishuki hata akijidunga. Nilipomuuliza kama alielezwa namna ya kuihifadhi, alinijibu: "Niliambiwa niweke kwa friji. Mimi sina friji."

Mama huyu si mpumbavu. Lawama ni ya wale wanaodhani kuwa mgonjwa anahitaji amri wala si maelezo.

Insulini ni homoni, yaani tarishi anayetumwa na kongosho kupitia damu. Imeundwa kwa amino asidi 51 zilizotungwa kama shanga katika nyuzi mbili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, kisha zikakunjwa kwa umbo maalumu. Umbo hilo ndilo siri yake yote. Juu ya seli za misuli na mafuta kuna protini ziitwazo vipokezi, ambazo zimeumbwa kulitambua.

Ili kufanya kazi hiyo, insulini haihitaji kuingia ndani ya seli. Hubisha hodi nje tu, kama mgeni mwenye adabu. Ikishatambuliwa, kipokezi hubadilika umbo, na sehemu yake iliyo ndani ya seli huamka na kupasha habari kutoka protini moja hadi nyingine. Mwishowe vijilango vya sukari hupanda hadi juu ya seli, na sukari huondoka katika damu.

Basi msomaji, joto kali likiliharibu umbo hilo, mgeni hatambuliki tena. Mgonjwa atajidunga kila siku, na mlango usifunguliwe. Ndiyo sababu pia dawa hii hudungwa: ukiinywa, tumbo huisaga kama lisagavyo nyama. Anayekuuzia insulini ya chupa ya kunywa anakuibia pesa, na huenda akakuibia uhai.

Kuna pia hofu kwamba anayeanzishiwa sindano amekaribia kaburi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini ya kutosha au halitoi kabisa. Katika aina ya pili hodi hubishwa, lakini seli haziitikii vyema, na baada ya miaka kongosho huchoka. Sindano huja kusaidia, si kuhukumu. Mvulana Leonard Thompson wa Toronto, Kanada, alikuwa na miaka 14 na hali mahututi alipodungwa insulini mnamo Januari 1922, akiwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Aliishi miaka 13 zaidi.

Chupa ambayo haijafunguliwa yafaa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyofunguliwa kwa kawaida hustahimili wiki nne hivi mahali penye ubaridi pasipo jua. Soma maelezo yake. Asiye na friji aweke chungu ndani ya chungu kingine, ajaze mchanga katikati na kuumwagia maji kila siku. Bibi zetu walipoza maji kwa vyungu kabla ya umeme kufika.

Maelezo haya huchukua dakika tano. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti, na kaunti zingeweza kuagiza kwamba pasiwe na mgonjwa anayetoka kliniki na chupa ya insulini kabla ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, jinsi inavyofanya kazi na atakapoiweka nyumbani kwake.

Nilimsihi jirani yangu arudi kliniki akachukue chupa nyingine. Aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Na hii niliyolipia, nani atanirudishia?"