Nampenda Beethoven, Simfoni ya Tisa siitaki yote
Ukisema hadharani kwamba unampenda Beethoven lakini sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Tisa inakuchosha, watu wanakukodolea macho kama umetukana msikitini. Wakodoe tu. Sehemu tatu za kwanza za kazi hiyo, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, nazivulia kofia. Ile ya tatu, ya taratibu, naweza kuisikiliza usiku kucha. Kisha inaingia kwaya: masoprano wanang'ang'ania noti ya juu mpaka unawahurumia, matoazi na ngoma vinarindima, na furaha inayoimbwa inageuka amri. Verdi naye, bingwa wa kuwaandikia waimbaji, alizisifu hizo tatu na kuilaumu ya nne. Lakini ni Beethoven huyohuyo aliyeandika, mwaka 1826, kwarteti ya Opus 131: fidla mbili, viola na selo, sehemu saba zinazofuatana bila kituo, wala hakuna anayelazimishwa kushangilia. Hapo ndipo ananimaliza. Msanii mkubwa hahitaji tumkubalie kila kitu. Anayeitikia kila kazi kwa kuwa imesifiwa anasikiliza sifa, muziki unampita.