Kutoka Entebbe hadi Mogadishu ni Mwendo wa Muda Gani?

Tangu wanajeshi wa Uganda walipoanza kwenda Somalia mwaka 2007, swali hili halikosekani katika nyumba za kambini. Safari za askari hazitangazwi gazetini, wala hatutaki zitangazwe. Lakini umbali si siri.

Twaa ramani ya mtoto wa shule. Entebbe ipo karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwenye longitudo 32 na nusu mashariki. Mogadishu imepita kidogo longitudo 45, nayo iko digrii mbili kaskazini. Baina yao zimo digrii 13 hivi, na digrii moja huku kwetu ni kilomita 111. Zidisha, utapata kilomita 1,443, na kweli umbali hasa hauachani mno na huo. Ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa huumaliza kwa muda wa saa mbili kasorobo hivi. Ya propela, iendayo 500, hukaribia saa tatu.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya angani tu. Tazama Nairobi: kilomita 520 hivi, ambazo jeti ingezikata kwa dakika 40, lakini ratiba huandika saa nzima na zaidi. Ndege hujikokota uwanjani, hupanda, hushuka polepole, na pengine huzungushwa ikingoja nafasi ya kutua. Basi mama usitie hofu kwa sababu ya nusu saa iliyozidi.

Saa za Uganda, Kenya na Somalia ni moja. Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo atokaye Entebbe saa nne asubuhi hutua Kigali saa nne ile ile au karibu yake, kana kwamba hakusafiri!

Linalowapotezea watu nauli zao si umbali, bali ni tarehe. Tiketi ikiandika 00:30 ya tarehe 15, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 14. Sisi tuhesabuo siku kwa jua husema, “Ni usiku wa tarehe 15,” tukafunga mizigo jioni ya siku hiyo, na ndege imekwisha kwenda tangu usiku wa jana. Askari aijua saa ya tarakimu nne kwa kazi yake, ila akiwa likizoni huisahau upesi!

Abiria wa nchi za nje hutakiwa uwanjani saa tatu kabla ya kuruka. Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40, na msongamano wa magari mwaujua. Mwenye tiketi ile na aondoke nyumbani saa mbili usiku, tarehe 14, akiwa amekwisha kula.