KONTENA LIKIKAA EMBAKASI, NANI ALAUMIWE?



Kila mara mzigo unapochelewa, maneno yanayotoka ofisini ni yale yale: makuli ni wavivu, madereva wamelala njiani, watu wa reli hawajali. Mameneja wa kusafirisha mizigo wana taabu zao, hilo hatulikatai. Mwenye mali humwuliza meneja kontena liko wapi, litafika lini, na gharama yote itakuwa kiasi gani, naye mara nyingi hana jibu. Basi kwa kuwa hana jibu la kumpa aliye juu yake, hushuka kutafuta kosa kwa aliye chini yake. Sisi twasema kosa haliko katika mikono ya mpakiaji. Liko pale mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, na mahali hapo hapakupangwa na kuli wala dereva.

Tazameni reli mpya ya Mombasa na Nairobi. Ilifunguliwa kwa abiria tarehe 31 Mei 2017, na magari ya mizigo yakaanza Januari 2018. Fedha nyingi za kuijenga zilikopwa kwa Benki ya Exim ya Uchina, na tangu mwaka 2013 bidhaa zinazoingia nchini zilitozwa ushuru wa reli, hapo mwanzo 1.5 kwa mia. Yaani hata viatu vya watoto wetu vilichangia reli hiyo. Tuna haki ya kuuliza inavyoendeshwa.

Gari moja la mizigo, makontena ya futi 20 yakipangwa safu moja, huchukua 108. Lori moja huchukua mawili. Sasa gawanyeni 108 kwa 2, mtapata 54. Hii si hesabu ya chuo kikuu, ni ya darasa la nne. Gari moja likifika Embakasi, malori 54 yahitajika kuyatoa makontena hayo, na kabla hayajaisha gari jingine liko nyuma. Kwa maana godauni la mwenye mali haliko Embakasi. Liko Thika, liko Athi River, liko Baba Dogo. Reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, ilikuja kuwa na matawi yaliyoingia mpaka kwenye viwanda vya Industrial Area, behewa likasimama mlangoni pa mwenye mali. Hii mpya iliyogharimu mabilioni ilimwacha njiani, akatafute lori la kumalizia safari. Lori halikuondolewa, ila lilihamishwa kutoka lango la Kilindini hadi lango la Embakasi.

Ndiyo sababu mwaka 2018 makontena yalirundikana Embakasi, na wenye mali wakalia juu ya ada za kuweka mizigo. Mbio za gari la moshi zina faida gani, ikiwa kontena hushuka Mombasa, likapanda bara kwa siku moja, kisha likakaa uwanjani wakati karatasi zinatafutwa? Na uwanja ukijaa, anayefokewa ni mwenye kuendesha kreni.

Kisha ikaja amri. Agosti 2019 wakubwa wa bandari na wa kodi walitangaza ya kwamba mizigo yote inayoingia kwa ajili ya Nairobi na bara ipande reli mpya. Mombasa watu waliandamana. Wako wenzetu wa reli walioshangilia, wakisema sasa kazi imekuja kwetu. Ndugu, twawaambieni wazi, furaha ile haikuwa na msingi. Dereva wa lori ni mfanyakazi, na taniboi wake, na fundi wa tairi wa Mariakani, na mama anayeuza chakula Mtito Andei. Mkate ukiondolewa mezani kwao kwa barua moja, nani atawazuia kuondoa wetu kwa barua ya pili? Nayo barua ya pili haikukawia. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba amri ile haikufuata sheria. Septemba 2022 Rais mpya alipoapishwa akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi bandarini. Mzigo ulipandishwa kwa amri na kushushwa kwa amri, na sisi tunaoufunga na kuufungua hatukuulizwa mara zote mbili.

Hatusemi reli ni mbaya. Mzigo mzito wa safari ndefu ni haki yake kupanda reli, na kila mtu aliyeona barabara ya Mombasa ilivyojaa malori ajua hivyo. Lakini mwenye mali aje kwa hiari yake, kwa kuwa ameona saa na bei ni za kuaminika. Na mpaka bei ya kreni, ya lori la mwisho na ya kurudisha kontena tupu ihesabiwe pamoja na nauli ya reli, atakuwa akidanganywa.

Hilo kontena tupu lina kisa chake. Nchi yetu huingiza mali nyingi kuliko inayotoa, basi makontena mengi hurudi pwani bila kitu. Wenye meli hutoa siku chache za kuyarudisha, zikipita ni faini. Dereva husimama langoni usiku mzima, na saa zile za kungoja hazilipwi na mtu.

Kwa mzigo wa Uganda mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2019 reli mpya ilifika upande wa Suswa ikakoma hapo. Reli ya kwenda Malaba ni ile ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, nayo mpya ni 1,435. Behewa haliwezi kupita. Kila kontena lazima liinuliwe toka behewa moja hadi jingine, na kila kuinua ni saa, ni pesa, na ni hatari kwa aliye chini ya mnyororo.

Twasikia sasa iko mitambo ya kuonyesha kila kontena lilipo. Vizuri. Mtambo utaonyesha kontena limesimama, lakini hautasema ni kwa sababu ya karatasi, au kreni moja kuharibika, au malori 54 kutoitwa mapema.

Twataka saa za kungoja zilipwe. Twataka ratiba ya magari, ya kreni na ya malori ipangwe katika meza moja, na wajumbe wa wafanyakazi wa reli, bandari na barabara wakae katika meza hiyo. Tukiambiwa sisi ndio tunaochelewesha, tujibu kwa maandishi. Kila mwanachama wa zamu awe na daftari, aandike saa gari lilipofika, saa kontena la kwanza lilipoinuliwa, na sababu ya kungoja. Daftari zipelekwe kwa katibu wa tawi kila mwisho wa mwezi, kabla ya mkutano wa kamati.