Mashauri kwa Jamaa: Kengele ya joto mu kizini yetu



Wengi kati yetu tunaishi kwa kazi ya mgodi. Baba akifika ku kazi, anavaa kaske na botine, anasikia sirene ikijaribiwa, na mkubwa wa usalama anamwonyesha njia ya kupitia kama hatari inatokea. Asipofuata, wanamrudisha nyumbani. Jioni baba yule yule anaingia mu nyumba yake. Resho iko na waya uliochubuka, mbabula iko mu korida, buji inasimama juu ya radio, na mlango umefungwa na kadena mbili juu ya wezi. Hapa hakuna mtu wa kumwuliza kitu. Tena ndipo watoto wake wanapolala.

Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya kengele ya joto. Jamaa kadhaa wameanza kuwa nayo. Mwingine ameletewa na ndugu yake aliye Afrika ya Kusini ao Ulaya, mwingine ameikuta mu nyumba ya kampuni, mwingine ameinunua mu magazini. Wanaifunga mahali popote, kisha wanafikiri kazi imekwisha. Lakini kengele hii iko kama zamu mwenye sikio moja tu. Inafaa tujue sikio lile linasikia nini, na halisikii nini.

Inasikia nini?

Ni chombo kidogo cha mviringo, kama kisahani cha chai. Ndani yake kuna kitu kinachopima joto la hewa. Nyingi za nyumbani zimetengenezwa zilie joto likifika karibu digri 58. Nyingine zinalia pia kama joto linapanda kwa haraka kuliko kawaida. Moshi hazihesabu hata kidogo.

Ndiyo sababu inafaa jikoni. Mama akikaanga tomsoni, moshi unajaa kizini yote. Kama mulifunga pale kengele ya moshi, italia kila siku, na siku ya tatu mtu atapanda juu ya kiti na kuitoa pili. Kengele ya joto inamwacha mama apike. Inangoja moto wenyewe.

Na moto wa jikoni tunaujua namna unavyoanza kwetu. Mama ameweka maharagwe juu ya resho jioni. Kuran inakatika. Jamaa wanangoja, wanangoja, mwishowe wanakula mkate na kulala. Hakuna aliyetoa resho mu prizi. Saa nane za usiku kuran inarudi. Maji yanakauka, maharagwe yanaungua, na kitambaa kilichowekwa karibu kinashika moto. Wote wamelala. Kwa saa kama ile kengele ya joto iko na faida kubwa.

Namna ya kuifunga

Kwanza chagua ile inayotumia pili. Ile ya kufungwa ku kuran peke yake itanyamaza siku kuran inapokatika, na kwetu siku zile ni nyingi. Kama ni ya kuran, hakikisha iko na pili ndani ya kusaidia, na umwite fundi wa umeme aifunge.

Joto linapanda juu na kutandaa chini ya plafo. Kwa hiyo kengele inafungwa ku plafo, karibu na katikati ya kizini. Iwe mbali na ukuta kwa santimetre 30 hivi ao zaidi, na vilevile mbali na ampule, kwa sababu ku pembe hewa ya moto inachelewa kufika. Usiiweke juu kabisa ya resho ao ya mbabula, mvuke wa nyungu utaisumbua. Kizini ya kawaida inatosheka na kengele moja. Kama ni kubwa sana, tangu kengele mpaka pembe ya mbali isipite metre 5 hivi.

Nyumba zetu nyingi hazina plafo, ziko na tole tupu. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua, tole linachoma mkono. Kengele ikigusana na tole itadanganywa na jua. Pigilia ubao chini ya boriti, kisha funga kengele ku ubao ule, isiguse tole. Tena soma karatasi yake: imeandikwa joto gani la kila siku inaweza kuvumilia.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Kuna kitako chenye matundu mawili. Kinafungwa na visi mbili, unatia pili, unapachika kengele na kuizungusha mpaka inakamata. Kisha bonyeza kifungo cha kujaribia, ukishikilie kidogo. Ikilia sana, ni vizuri. Ndipo mtu mwingine aende alale mu chumba cha mwisho, mlango umefungwa, na ninyi mujaribu tena. Kama haisikii kutoka kule, usiku haitamwamsha. Ziko kengele zinazounganishwa mbili ao tatu, moja ikilia zote zinalia. Mu nyumba ndefu zile ndizo zinafaa.

Namna ya kuitunza

Kila juma bonyeza kifungo. Chagua siku moja, na kazi hii apewe kijana wa nyumba, aandike tarehe ku kalenda ya ukuta. Usijaribu kengele na kiberiti ao buji. Unaweza kuiharibu, hata kuchoma plafo.

Kila miezi mitatu hivi, ipanguse. Mu kizini ya makala, masizi na mafuta vinashika kila kitu, na vumbi ya barabara zetu tunaijua. Tumia brosi laini ao kitambaa kikavu. Maji na sabuni visiingie ndani. Usiipake rangi kamwe. Kama munapaka nyumba rangi, ifunike, na kazi ikiisha munaifunua siku ile ile.

Pili ya kawaida inabadilishwa kila mwaka. Ziko kengele zenye pili iliyofungiwa ndani, ya miaka 10. Ile haibadilishwi. Ikiisha, kengele yote inatolewa. Na hata ile ya pili ya kubadilisha, ikitimiza miaka 10 inunuliwe mpya, kwa maana sikio lake limechoka. Tarehe imeandikwa nyuma yake. Ukiinunua, tazama tarehe ile mbele ya kutoa feza, kwa sababu ku soko wanauza pia zilizozeeka.

Mama mmoja aliniuliza: “Pasta, yetu inafanya ‘ti’, inanyamaza, inafanya tena ‘ti’, usiku wote. Iko na wazimu?” Hapana, mama. Inasema pili inakwisha. Watu wengi wanaitoa pili ile juu ya kelele, na haitiwi nyingine. Wengine wanaipeleka mu radio ao mu kitu cha kuchezea cha watoto. Kengele inabaki ku plafo kama pambo, na jamaa wanalala wakifikiri wanalindwa.

Nini haisikii?

Hapa ninaomba tusikilizane sana.

Kwanza, haisikii moshi. Godoro la mousse likishikwa na buji linaweza kutoa moshi mwingi wa sumu mbele ya chumba kupata joto la digri 58. Aliyelala atakufa na moshi, kengele ya joto ikiwa bado imenyamaza. Kwa hiyo mu vyumba vya kulala na mu korida inayopita karibu navyo inatakiwa kengele ya moshi. Zile mbili hazishindani, kila moja iko na mahali pake.

Pili, haisikii gesi ya mbabula. Neno hili ni kubwa kwetu. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ni kali, na watu wanaingiza mbabula mu chumba, wanafunga mlango na dirisha, wanaziba hata chini ya mlango na kitambaa. Makala mekundu yasiyotoa moshi yanaonekana mazuri, lakini yanatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anataka kutapika, miguu inakosa nguvu, usingizi unamvuta. Wengine hawaamki. Kengele ya joto itanyamaza, kengele ya moshi pia. Iko kengele nyingine kabisa inayosikia gesi ile, lakini hata wewe unayo, mbabula isilale na watu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Itoke nje, mu lupango, mbele ya watu kwenda kulala, na blanketi iongezwe. Mkikuta mtu ameanguka mu chumba chenye mbabula, fungueni yote, mumtoe ku hewa, na mumpeleke ku hospitali hata akisema sasa ni muzima.

Ikilia usiku

Kengele haizimi moto. Inawapa dakika chache tu, na dakika zile zinaweza kuishia ku kutafuta ufunguo.

Juu ya wezi tumetia chuma ku madirisha yote. Mlango wa mbele uko na kadena mbili, wa nyuma umezibwa na magunia ya makala. Ufunguo uko chini ya mto wa baba, na wiki hii baba anafanya kazi ya usiku. Fikirini ninyi wenyewe. Si kusema tutoe chuma chote, wezi wapo kweli. Lakini ufunguo wa usiku uwe na msumari wake karibu na mlango, mahali mkono wa mwizi hauwezi kufika kutoka dirishani, na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka saba, aupate gizani. Mlango wa nyuma ufunguke. Kama inawezekana, fundi wa kusudia aweke chuma cha dirisha moja kiwe cha kufunguka kutoka ndani.

Kisha fanyeni mapatano. Kengele ikilia, yule mkubwa anabeba yule mdogo, wote wanatoka, wanakutana chini ya mti mmoja mliouchagua, na mnahesabiana. Anayetoka mwisho anafunga mlango wa kizini ili moto ukose hewa. Hakuna kurudi kutafuta telefone, wala karatasi, wala feza. Kama mafuta yamewaka mu sufuria na moto ungali mdogo, usimwage maji, mafuta yatakurukia. Zima resho, funika na kifuniko, uache mpaka ipoe. Kama ni kuran, kata ku disjonteri kwanza. Kama moto umekuzidi, toka.

Usiku wa tarehe 14 ya mwezi wa 6, mwaka 2017, mu jengo la Grenfell Tower kule London, moto ulianzia mu kizini moja ya orofa ya 4, ku frigo. Kengele ya moshi ilimwamsha mwenye nyumba, akaita wazima moto, na wote wa nyumba yake wakatoka. Lakini moto ulipanda ku ukuta wa nje wa jengo, na watu 72 walikufa. Kengele ile ilifanya kazi yake, lakini kuta na njia za kutokea zilikuwa kazi ya watu.

Kama feza haitoshi

Najua mishahara inachelewa, na wachimbaji hawajui kesho watapata nini. Basi tuanze na yale yasiyo ya bei. Leo usiku, mbabula itoke nje. Kuran ikikatika, resho inatolewa mu prizi papo hapo, hata kama munaamini itarudi sasa hivi. Ufunguo upate msumari wake. Esansi isilale mu nyumba. Feza ikipatikana, nunueni kwanza kengele ya moshi ya korida, kisha ile ya joto ya kizini. Jamaa tatu za lupango moja zinaweza kuchanga, zinunue kidogo kidogo.

Mu sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hakuambiwa angoje mtu aanguke kwanza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na mu kikundi cha vijana

1. Usiku wa leo, ufunguo wa mlango uko wapi? Kila mtoto aonyeshe, taa imezimwa.
2. Mara ya mwisho kuran ilipokatika, nani alitoa resho mu prizi?
3. Nyumba yetu iko na njia ngapi za kutoka? Iko iliyozibwa?
4. Nani mu lupango yetu hawezi kutembea haraka: nyanya, mgonjwa, mama aliyezaa sasa? Nani atambeba?
5. Kama tuko na kengele, ni ya joto ao ya moshi? Tarehe yake ni gani?

Vijana, swali la nne ni lenu zaidi. Andikeni majina ku karatasi, muibandike nyuma ya mlango.

Mulale salama. Tutaonana mwezi ujao.